Ua-bahari Huyu

…nne, tano, na hapo Nukta akasafisha koo na hesabu ikamponyoka tena, maana koo la Nukta halisafishwi kimyakimya, husafishwa kama mtaro, kwa kelele na kwa awamu, na baada ya koo huja kalamu kugonga meza, na baada ya kalamu huja sauti, "Ua-bahari hili huishi ndani ya matope," anasoma, taratibu, kwa utulivu wa mtu aliyekuja kukaa, "hili, Mtaalamu, hili, sasa limekaa sawa, au siyo?"… siyo, Mtaalamu alitaka kumwambia, siyo hata chembe, lakini jicho la kulia lilikuwa limebanwa kwenye hadubini na la kushoto limefumbwa, mkono mmoja umeshika gurudumu dogo la kusogezea lenzi na mwingine umeifunika simu iliyolala mezani, simu ambayo bado iko hewani, mdogo wake yuko upande wa pili anasubiri jibu, "Subiri kidogo, Kitinda," ndivyo alivyomwambia, kidogo gani hakusema, na mtu mwenye jicho moja na asiyebakiwa na mkono hata mmoja hajibu mtu, huhesabu tu, moja, mbili, tatu… jibu lenyewe ni la mpira, mpira mwembamba wa plastiki unaopita puani ukashuka mpaka tumboni, ndio daktari wa hospitali anaotaka kumwekea Mama leo kabla ya jioni, kwa sababu Mama hali, amefumba mdomo tangu siku kilipoletwa kitanda kipya, haufumbui kwa kijiko wala kwa maneno matamu, na wakishauweka huo mpira watamfunga mkono kitandani asije akauvuta, mkono mmoja tu, maana ule mwingine kiharusi kilishauchukua pamoja na mguu na maneno yote, na Kitinda hataki kusema ndiyo peke yake, anataka mkubwa aseme, kitinda mimba ni kitinda mimba hata akiwa na mvi, mkubwa ndiye wa kusema siku zote, si ndiye aliyesoma… amesoma nini? Matope. Minyoo ambayo si minyoo. "Huyu wangu ni daktari wa vitu visivyougua," Mama alikuwa akiwaambia wateja wake wa kushonewa, pini mdomoni, kicheko kikitokea puani, "ukiumwa usimwite, ila ukiota minyiri kama pweza, haya."

"Au siyo?" anauliza Nukta tena. Yeye ni mhariri wa kitabu cha mwongozo cha makumbusho, ukurasa huu ndio wa mwisho, mpiga chapa anausubiri, kinachokosekana ni saini ya mtaalamu tu, na jina la Nukta alipewa na watu wa ghorofa hii tangu aliporudisha mswada mzima kwa sababu ya nukta moja iliyokaa ndani ya mabano badala ya nje, halafu akalipenda hilo jina, ndilo la ajabu, analiitikia… "Siyo," akasema bila kuinua kichwa, "niliandika huyu, ua-bahari huyu anaishi, ukurasa mzima niliandika a, a, a, wewe ukapita ukapanda li, li, li kama unapanda mahindi." "Mtaalamu, tusivutane. Mimi sina ugomvi na mnyama wako, ugomvi wangu ni na neno. Neno ni ua. Ua limechanua, maua yamechanua. Ngeli ya LI-YA. Ukitaka awe huyu, mwite mdudu." "Si mdudu." "Basi samaki." "Si samaki." "Unaona sasa?"… anaona nini, haoni kitu, anaona duara jekundu tu chini ya lenzi, kipande cha mwili kilichokatwa kwa kukingama, chembamba kuliko ganda la kitunguu, kimetiwa rangi, na ndani ya duara kuna duara jingine, hilo ndilo koromeo, na kati ya duara na duara kuna viambaza, kuta nyororo zinazotoka kwenye ngozi kwenda ndani na kuugawa mwili vyumba vyumba, na kazi yote ya asubuhi hii ni kuhesabu kuta tu, si kingine, zikiwa nane kamili, kila moja na msuli wake mnene pembeni, basi mnyama huyu ni wa familia ya Edwardsiidae na ukurasa uende zake, zikizidi basi ni mtoto wa familia nyingine amejificha humu, maana kila ua-bahari utotoni hupita siku za kuta nane, wenzake wakikua huongeza na kuongeza, hawa wa familia hii wakabaki na nane zao, watu waliojenga nyumba ya vyumba vinane wakatosheka, laiti na binadamu… moja, mbili, tatu, nne…

"Na hapa nimekusaidia," anasema Nukta, na Mungu amwepushe mtu na msaada wa Nukta, "uliandika 'hana kitako'. Kitabu hiki watasoma watoto wa shule, nimeweka 'halina makalio'." Jicho likatoka kwenye hadubini lenyewe, bila ruhusa… "Umeweka nini?" "Makalio. Ni neno la heshima." "Kitako, kaka, kitako! Kama kitako cha chungu, cha chupa, sehemu ya kukalia! Maua-bahari wengi wana kitako bapa, wanajibandika nacho mwambani, hawa hawana, chini wamechongoka kwa mviringo, wana kifuko kinachovimba ndani ya matope kikawashikilia wasing'oke, hiyo ndiyo alama ya kwanza ya familia, swali la kwanza kabisa la kumtambulia, ana kitako au hana, na wewe unataka watoto waende wakatafute makalio baharini?" Nukta akacheka, na kilichomuudhi ni kwamba kicheko kilikuwa cha wema, akalikata lile neno, akarudisha kitako, "haya, halina kitako," li ikiwa bado imekaa pale pale kama mgeni asiyejua saa ya kuaga… na feni ya dari inazunguka bila kupuliza, harufu ya spiriti iliyohifadhi vielelezo imeingia mpaka kwenye chai, na simu chini ya kiganja ina joto, kijisauti kinatoka, "Dada? Upo?" "Nipo. Subiri." "Hospitali wanataka kujua kama gari lije kumchukua." "Nimesema subiri, Kitinda."

Ngeli, hilo nalo, neno moja wanalitumia wawili na hawajaelewana tangu asubuhi, ngeli kwake yeye ni tabaka la viumbe, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi, ngazi za kumshusha mnyama mpaka afike kwao, na ngeli ya huyu ni Anthozoa, wale wazee wa Kilatini na Kigiriki waliiita wanyama-maua, mnyama ndiye jina lenyewe, ua ni sifa tu, wakajua kuweka mambo kwa mpangilio, na ngeli kwa Nukta ni sarufi, kinachotangulia kitenzi, basi… "Kipepeo," akamwambia, "ki hiyo, mbona hatusemi kipepeo kimeruka?" "Kina roho, kipepeo." "Ana roho." "Ndiyo, ana, samahani." "Kifaru. Kinyonga. Kiroboto." "Hao wote wana macho, Mtaalamu, wana kichwa, unakitazama nacho kinakutazama. Hili lako kichwa kiko wapi? Ubongo uko wapi? Umeandika mwenyewe hapa, halina ubongo, halina moyo, halina damu, tundu moja tu la kulia na la kutolea, sasa kisicho na kichwa utakiitaje huyu?" "Na chaza?" "Chaza mimi sili," akasema Nukta, kama vile sarufi hupitia tumboni… hana kichwa, ni kweli, ingawa ncha yake ya juu, ile nyororo iliyo chini ya minyiri, vitabu vya Kilatini huiita kijichwa, sasa aende akamwambie Nukta kwamba kuna kijichwa na hamna kichwa, watakesha hapa, kumpigia mbuzi gitaa kuna afadhali, mbuzi hana kalamu nyekundu.

Kipofu, kiziwi, hayo ndiyo angemtajia kama angekuwa na pumzi ya kubishana, kijana, kiongozi, kitinda mimba, watu hao, wamefungwa ki mbele na bado ni watu, hili hakulisoma chuo, hili alilipata chini ya meza ya cherehani, akiokota vipande vya kitambaa, Mama akimpima mteja kiuno na kumsahihisha papo hapo, maana Mama alikuwa hivyo, mtu akileta suruali moja akasema "nguo zangu hizi" anaulizwa nyingine iko wapi, wakiondoka wameshonewa na kufundishwa, na kwa kuwa midomo ilikuwa imebana pini alikuwa na namna mbili za kujibu bila kuifungua, mm ndefu, laini, ya kupanda, maana yake endelea, na mm fupi, ya kukata, maana yake umekosea, rudia, na mtaa mzima ulizijua, hata mwenye duka la jirani alikuwa akizungumza naye dirishani akipata mm fupi anarudi nyuma kutafuta alipokosea… na siku ile amepita yule kiziwi wa mtaani na mkokoteni wake, naye, mtoto wa miaka sijui mingapi, akasema kwa sauti, akitaka kuonekana, "Mama, kiziwi kile kinapita." Cherehani ikasimama. Pini zikatolewa mdomoni, moja moja, zikachomekwa kwenye mto wake, na hilo lilikuwa baya, pini zikitolewa ujue ni kesi. "Kiziwi yule anapita," Mama akasema. "Mwenye roho haitwi hiki." "Lakini hasikii, Mama." "Mimi nimesikia." Akarudisha pini, cherehani ikaendelea… mimi nimesikia, basi, hakupigwa, na angependelea kupigwa.

Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita… "Dada, mimi sijui nifanye nini," simu inasema chini ya kiganja, "nimemletea supu ile anayoipenda, nimemletea ndizi iliyopondwa, amegeuza uso ukutani"… amegeuza uso ukutani, ndiyo, kwenye kitanda kile kile, kitanda cha kupandisha kichwa na kushusha miguu kwa kubonyeza, kitanda alichokitafuta yeye mkubwa mji mzima mpaka viatu vikaisha soli, kikaja juu ya mabega ya wapagazi wanne wanaohema, na nyumba ya Kitinda ina ujia mwembamba kama koo la kuku, na yeye katikati, mikono juu, anaongoza kama askari wa barabarani, kulia kidogo, inueni, msiguse ukuta, na kile kiti cha magurudumu kimesimama palepale pa kupitia, akapaza sauti, kitoeni hicho, kinaziba njia, kisukumeni kule jikoni, wakakisukuma, kitanda kikapita, kikaingia, kikatandikwa shuka mpya, na asante yake ndiyo hii, mdomo umefumbwa, uso ukutani, daktari anasema labda ni misuli ya kumezea imekufa, kiharusi hurudi kidogokidogo kuchukua kilichobaki, labda ni hasira za wagonjwa, labda ni uzee, labda, labda, akamwuliza "nyinyi ndugu mnaonaje," kana kwamba ndugu wana lenzi ya kumwonea mtu ndani… angekuwa nayo angeitumia, angemkata Mama kipande chembamba, Mungu amsamehe, amtie rangi, ahesabu kuta, ajue ni ipi iliyovunjika… wazo gani hilo, atakayemlinganisha Mama na vitu vya matope atakiona cha mtema kuni, hata akiwa ni yeye mwenyewe.

"'Likiguswa,'" anasoma Nukta, "'hufumba mdomo wake.' Hapo sina neno, hapo pamenyooka." Akabandua jicho kwenye hadubini. "Nani ameandika hivyo?" "Wewe." "Mimi sikuandika hivyo hata kwa kurogwa." "Nimefupisha. Uliandika 'akiguswa hujivuta wote ndani ya shimo lake kwa misuli minane ya urefu, kwa kuwa hana msuli wa duara wa kufumbia.' Ndefu hiyo. Nani ataisoma? Kinachotokea si kilekile, kilikuwepo, kimefumba, hukioni tena?"… si kilekile! Si kilekile hata kidogo, na sasa akainuka kabisa, kiti kikarudi nyuma kikagonga kabati la vielelezo na vichupa vyote vikalia, akasimama mbele ya Nukta na kwa mkono ulio huru akachukua ile pochi ya kitambaa ya miwani yake, ya kamba, ya mshono wa Mama kwa kweli, akaivuta kamba ikajikunja mdomo, "Tazama. Hawa ni wale wengine, wa mwambani. Wana msuli umezunguka ukingo wa juu, kama kamba hii, wakiguswa wanaukaza, wanafumba, wamekaa palepale wamefumba, umenielewa? Wa familia hii hawana. Hawana kamba! Ukimpasua ukingoni huukuti, ndiyo alama ya pili. Yeye ana kuta nane, kila ukuta na msuli unaoshuka kutoka juu mpaka chini, ukimgusa vibaya anavuta yote minane kwa pamoja, anajimeza mwenyewe, minyiri, mdomo, kijichwa, shingo, vyote vinaingia ndani ya kiwiliwili, juu unabaki mchanga mtupu. Hafumbi. Hawezi kufumba. Ukiona hayupo usiseme amefumba mdomo, sema ameingia ndani!"

Ameingia ndani, ikarudi kutoka ukutani, sauti yake mwenyewe, kubwa kuliko chumba… na mkono ulikuwa umeisahau simu, simu imelala wazi mezani, Kitinda bila shaka amesikia yote, misuli na kamba na kujimeza, atasema dada amepata wazimu huko kazini, na labda si uongo. Nukta akaitazama pochi. Akaitazama karatasi. Akauliza kwa sauti ya chini, sauti ambayo hakuwa ameisikia kwake kabla, ya mtu anayetaka kujua, "Sasa akishaingia, anatokaje?" "Anaachwa," akajibu, na hasira ikiwa bado imo mdomoni lakini haina mahali pa kukaa, "humchokonoi kwa kijiti, ukimchokonoa anazidi kushuka. Unaangalia ni nini kilichomgusa, unakiondoa. Unatulia. Kukiwa salama anatoka mwenyewe." "Anatoka," akasema Nukta, kisha akashtuka kama aliyekanyaga kinyesi kwa kiatu kipya, "linatoka, nilitaka kusema. Unaona unavyoniambukiza?" Akacheka, akafungua kalamu, "lakini tuwe wakweli, Mtaalamu, tunapoteza siku kwa kitu gani? Lenyewe halijui. Halisikii. Uliite hili, uliite huyu, kwake ni mamoja."

Lakini hasikii, Mama.

Mimi nimesikia… na cherehani ikasimama, hapa, katika chumba hiki chenye feni isiyopuliza, ikasimama kwa namna ambayo aliusikia ukimya wake, na pini zikatolewa moja moja… kitoeni hicho. Kinaziba njia. Kisukumeni kule jikoni… kiti, alisema kiti, ki ya kiti, sarufi iko sawa, Nukta mwenyewe asingegusa kitu, kiti kimesimama njiani, kitolewe, kisukumwe, hakuna kosa, ila kiti hakikuwa kitupu. Kiti hakikuwa kitupu! Mama alikuwa amekaa ndani yake, na khanga magotini, na mkono wake mmoja mzima umeshika gurudumu, amesogezwa pale ujiani na Kitinda ili akione kitanda kikiingia, kitanda chake, aone mtoto wake alivyomtafutia, na mtoto akaja akasimama mbele yake akapaza sauti mbele ya wanaume wanne wageni, hicho, ki, ki, ki, na mpagazi mmoja, akumbuke vizuri sasa, asijifiche, mpagazi mmoja alisita akamtazama Mama usoni, akasema "Shikamoo, mama, samahani," mpagazi, mtu aliyebeba chuma begani, na ndipo akakisukuma, na yeye aliyesoma hakutazama hata mara moja, alikuwa akitazama ukuta usichubuke… alisikia aibu, aibu yenye moto, akatamani hasira yake irudi, hasira ilikuwa na heshima zaidi, akaitafuta, mbona kosa lenyewe dogo, mbona ni silabi, nani mwenye akili zake hufunga mdomo akafa njaa kwa ajili ya silabi… Mama. Mama hufunga. Mama alimrudisha mtu kutoka kona ya barabara kwa ajili ya silabi. Na maneno yote yalipochukuliwa, kitu gani kilimbakia cha kushika zaidi ya hicho, kujua ni nani anaitwa a na nini kinaitwa ki, na yeye mwenyewe yuko upande upi.

"Umeona hesabu imegoma?" anasema Nukta, maana Mtaalamu alikuwa bado amesimama na pochi mkononi. Akainama kwenye simu bila kuinyanyua. "Kitinda, hujakata?" "Nipo, dada, nilidhani umenisahau." "Alifumba lini hasa?" "Nimekwambia, siku ya kitanda." "Kabla au baada?" "Baada. Mchana alikula supu yote, na akaramba kijiko. Wewe ukaja na kitanda, ukaondoka, jioni namletea, wapi." "Kitanda kilipopita yeye alikuwa wapi?" Kitinda akajibu kwa kushangaa, Kitinda hana ujanja. "Si alikuwa kwenye kiti, dada? Si wewe ndiye uliyesema kitolewe?"… kitolewe, hata yeye, wote, nyumba nzima, imeingia mpaka kwenye midomo kama vumbi. "Gari lisije," akasema. "Waambie bado. Mwambie daktari nitampigia mwenyewe, najua anachoogopa, nitampigia, ila mpira bado, na asifungwe mkono." "Dada, una hakika? Akizidiwa?" "Sina hakika. Weka simu sikioni kwake." "Haongei, dada." "Sikusema aongee. Weka, upande ule mzima."

Ikasikika shuka ikisugua, kikombe kikigongwa, mlango mahali fulani, halafu pumzi, karibu sana, pumzi ya puani ya mtu aliyezoea kupumua na pini mdomoni, na huku kwake kamusi mbili mezani, hadubini, shahada ukutani yenye muhuri wa dhahabu, Nukta anatazama kwa adabu ncha ya kalamu yake, feni inazunguka… "Mama. Ni mimi." Pumzi. "Mama, siku ile ya kitanda. Kilikuwa kiti. Nilikuwa nasema kiti, Mama, si wewe. Nilimaanisha kiti."

"Mm."

Fupi. Ya kukata. "Anaguna tu, dada," sauti ya Kitinda kwa mbali, "siku zote hizi anaguna hivyo, nadhani ni maumivu"… siku zote hizi! Siku zote hizi amekuwa akiwasahihisha, wanamfunika, wanamgeuza, wanasema kimelowa, kimechafuka, kisafishwe, na wanamwitia daktari wa maumivu. Akacheka, au akalia, kitu kimoja kati ya hivyo kilimtoka, Nukta akainua macho. Umekosea, rudia. Sawa. Tena imemuudhi, hata sasa imemuudhi, kizee kile, hapana, mzee yule, mzee yule mkaidi anayelala na njaa mpaka mtu apange sentensi vizuri, msamaha mzima ameupima kiuno akauona umepwaya akaurudisha kwa fundi… kosa liko wapi? Si ki. Ki ni ya kiti, ki iko sawa. Kosa liko mwanzo, alianza na kisichostahili kuanza, alianza na njia, na ukuta, na kiti, mpaka sasa hivi ameanza na kiti, nilimaanisha kiti, kana kwamba kiti ndicho kilichokaa. Kuna sentensi moja ilitakiwa kusemwa ujiani siku ile na haikusemwa, ndiyo hiyo inayosubiriwa.

"'Hili' au 'huyu', Mtaalamu?" Nukta ananong'ona, kalamu iko juu ya karatasi, mpiga chapa anasubiri, na kwenye kioo chini ya lenzi kuta ziko palepale, hakuna aliyezihesabu mpaka nane. "Huyu," akamnong'oneza, kisha akaivuta simu mpaka midomoni, akanyoosha mgongo, akasema wazi, kwa sauti ya kusikika na wapagazi wanne,

"Mama amekaa hapo, jamani. Tumpishe."

Na Nukta, ambaye hakujua ni nani anayepita, akainuka upesi akasogeza kiti chake ukutani.